Na Mary Mkewe

Mama mkwe wangu alipofika miaka 78 macho yalianza kumgomea. Njia aliiona, sufuria jikoni aliiona, na uso wa mjukuu wake aliuona vizuri, ila maandishi madogo yalikuwa yakimcheza. Ndipo akaniomba nimsindikize Beverley, mji mdogo wa mashariki mwa Yorkshire, Uingereza, penye jumba la nyaraka linalotunza madaftari ya ubatizo ya vijiji vya kwao. Alitaka kuwajua wazee wake kabla hajawafuata. Aliyasema hayo huku akimenya viazi, bila huzuni yoyote.

Wanawe wa kuwazaa wana macho mazuri kuliko yangu, lakini mwandiko mbaya huwachosha upesi. Mimi nauvumilia, na najua nilikojifunzia. Babu yangu, kule Tanga, alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nikiwa mtoto wa miaka 9 alinikalisha barazani baada ya Alasiri nimsomee barua zake za zamani. Irabu mara zipo mara hazipo, na herufi moja ya be ilibeba b, p na mb zote pamoja, kwa hiyo neno moja ungeweza kulisoma kwa namna tatu. Nikikwama hakunitajia neno lenyewe. Alikuwa akiniuliza: "Huyu bwana aliyeandika, alikuwa anataka nini?" Ukishajua mtu anataka nini, herufi hujipanga zenyewe.

Siku za mwanzo tulisoma kwenye skrini, picha tu. Lakini kurasa mbili tatu za miaka ya 1740 zilikuwa zimefifia mno, na dada wa zamu akakubali kutuletea kitabu chenyewe. Alikiweka juu ya mito ya sponji, akakifungua taratibu, akalaza kamba nzito iliyoshonewa kitambaa juu ya ukurasa usijifunge. Kalamu za wino haziruhusiwi humo, ni penseli tu. Kilikuwa kitabu kirefu na chembamba, kurasa zake ngozi, upande mmoja laini kama shavu, upande wa pili una vitundu vidogo mahali manyoya yalipoota. Wino wa zamani zile ulipikwa kwa mafundo ya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma. Siku ulipoandikwa ulikuwa mweusi. Leo una rangi ya chai ya mkandaa. Mama aliinama akanusa. "Zizi la kondoo," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Mistari yote ilikuwa na sura moja. Tarehe, kisha: Thomas mwana wa William na Mary mkewe. Wiki mbili chini: Ann binti wa John na Mary mkewe. Majina ya ukoo naachia wenyewe, maana wajukuu wapo. Nilimsomea Mama mstari mmoja mmoja kwa sauti ya chini, naye akarudia kila jina kama anayeitikia dua.

Basi nikajiuliza swali la babu. Huyu aliyeandika alikuwa anataka nini? Kasisi wa kijiji hakuwa anataka lolote, alikuwa ametumwa. Aliyetaka ni Thomas Cromwell, aliyekuwa mkono wa kuume wa Mfalme Henry VIII katika mambo ya Kanisa. Mwezi Septemba mwaka 1538 aliamuru kila parokia iwe na kitabu, na kila Jumapili kasisi aandike humo, mbele ya wazee wa kanisa, waliobatizwa, waliooana na waliozikwa wiki ile. Kitabu kikae ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na mwingine kwa wazee wa kanisa, na atakayezembea atozwe shilingi 3 na peni 4. Watu walinong'ona kwamba kodi inakuja. Hawakukosea, ila walitangulia: mwaka 1695 Bunge lilitoza vizazi, ndoa na maziko ili kugharimia vita na Ufaransa, na kuanzia Oktoba 1783 kila jina lililoandikwa lilitozwa peni 3, isipokuwa la fukara. Katika moja ya madaftari tuliyosoma, Jumapili moja ya Septemba mwaka huo familia moja ilibatiza watoto watatu kwa mkupuo. Mmoja alikuwa wa kubebwa, na mkubwa bila shaka alikwenda kwa miguu yake.

Vitabu vingi vya mwanzo vilikuwa vya karatasi, vikaliwa na unyevu na panya. Mwaka 1598 ikaidhinishwa amri kwamba yaliyomo yanakiliwe kwenye ngozi, hasa tangu Malkia Elizabeth alipoanza kutawala. Waandishi wengi walilishika hilo neno "hasa" wakaanzia 1558, na miaka 20 ya nyuma yao ikapotea kwa uvivu wa mikono. Daftari la Stratford-upon-Avon, lenye ubatizo wa Shakespeare wa tarehe 26 Aprili 1564, ni nakala ya namna hiyo. Dunia nzima husherehekea kuzaliwa kwake tarehe 23 Aprili, lakini hiyo 23 ni makisio. Daftari halikuulizwa mtoto alizaliwa lini. Liliulizwa nani aliletwa kwenye maji, nalo likajibu swali lake.

Hilo lilimsumbua sana Mama. Alikuja na maswali yake mwenyewe: walikuwa watu wa namna gani, walikula nini, nani alimpenda nani. Nilimwambia tuache kwanza maswali yetu, tusikilize lile la daftari.

Na kweli, ukilifuata swali lake, daftari huanza kusema. Katika karne ya 16 mkunga aliyeona mtoto anaelekea kufa kabla hajatoka tumboni aliruhusiwa kumbatiza palepale. Hajui kama ni mume au mke, kwa hiyo alimpa jina la Creature, yaani kiumbe. Wengine walipona, wakakua na jina hilohilo. Nilipomsimulia Mama, aliweka kiganja juu ya meza na kukaa kimya muda mrefu. Yeye mwenyewe alizalishwa na mkunga, jikoni, wakati wa vita.

Mtego mmoja ulikaribia kutunasa. Tulimkuta mtoto aliyebatizwa Februari 1730, na wazazi wake waliofunga ndoa Aprili 1730. Mama akanong'ona, "Aa, kumbe." Lakini hadi kufika 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ile ilikuja baada ya Aprili, na bibi harusi yule alikuwa hana la kujibu kwa mtu. Mimi sikushangaa sana. Nimekulia katika nyumba yenye mwaka wa Hijra ukutani, mwaka wa Kizungu shuleni, na wazee waliohesabu misimu kwa Nairuzi. Mtu wa pwani anajua kwamba mwaka una milango mingi.

Kisha tukafika kwa akina William.

Mama alikuwa na kipande cha karatasi alichorithi kwa marehemu baba yake, kikisema kwamba ukoo wao umetoka kwa William, kibarua wa shamba katika vilima vya chokaa vya Wolds. Nikampata: William mwana wa William na Mary mkewe, 1741. Mama akatabasamu, akaandika kwa penseli. Nikaendelea kushuka, nikamkuta tena: William mwana wa William na Mary mkewe, 1743. Nikadhani karani amerudia. Nikashuka tena. William mwana wa William na Mary mkewe, 1746. Mwandiko uleule, ile W yenye mkia uliopinda kushoto.

Mama alisema labda ni familia mbili. Labda tatu, kijiji kilikuwa na majina machache, wanaume nusu yao ni John, William au Thomas, wanawake ni Mary, Elizabeth, Ann na Sarah. Nikamwambia tugeuze kitabu, maana kwa kawaida maziko huandikwa upande wa nyuma. Tukageuza. Wa kwanza alizikwa akiwa na miezi 14. Wa pili alizikwa siku 19 baada ya ubatizo. Wa tatu hatukumkuta kwenye maziko ya miaka ile, wala ya miaka 60 iliyofuata.

Kwetu, mwenye jina lako ni somo wako. Babu yangu alikuwa somo wangu, na kila nilipopita barazani aliniita "Somo!" kwa sauti ya kujigamba, kana kwamba tumefanya biashara pamoja. Sijawahi kulifikiria neno hilo bila kumwona mtu aliye hai amenyoosha mkono. Siku ile Beverley nililifikiria kwa namna nyingine. Mtoto wa 1746 alikuwa somo wa ndugu zake wawili walio udongoni. Kila alipoitwa kula, mama yake alikuwa akitamka jina alilolitamka mara mbili kaburini. Sijui kama liliwaumiza au liliwaponya. Najua tu kwamba walilirudia, na kulirudia kulihitaji ujasiri ambao mstari wa daftari hauna nafasi ya kuueleza.

Mama alifuta tarehe ya 1741 kwenye karatasi yake kwa kifutio. Kisha akaiandika tena, akaandika na zile nyingine mbili chini yake. "Na Mary alikuwa nani?" akauliza.

Hapo ndipo penye jambo lililonifanya niandike haya. Kwa miaka mingi Mary huyo alisimama kanisani kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mtoto mkononi, na mara zote karani aliandika maneno yaleyale: na Mary mkewe. Madaftari ya zamani zaidi hata hivyo hayakumpa. Yalimtaja baba pekee. Alitoka kijiji gani, ni binti wa nani, alifuma, alikamua, alikuwa na dada? Hakuna. Daftari la ndoa lingetusaidia, lakini hakuolewa katika parokia ile, na kuwatafuta akina Mary wote walioolewa na akina William wote wa Wolds ni kutafuta punje ya mtama kwenye pishi la mtama.

Aliyetusaidia ni kasisi mmoja aliyeishi York, William Dade, aliyefariki mwaka 1790. Katika miaka ya 1770 Dade aliona kwamba swali la Cromwell ni dogo mno. Akaanza kuuliza zaidi. Mtoto ni wa ngapi kuzaliwa? Amezaliwa lini, mbali na siku ya ubatizo? Baba anafanya kazi gani, naye ni mwana wa nani? Mama ni binti wa nani, wa kutoka wapi, baba yake alishika kazi gani, na mama yake yeye alikuwa nani? Alieleza waziwazi kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya watu wa vizazi vijavyo watakaokuja kutafuta. Askofu Mkuu wa York, William Markham, aliupenda mpango huo, na mwaka 1777 akaagiza ufuatwe katika jimbo lake zima. Makasisi wengi walinung'unika. Kazi iliongezeka, malipo hayakuongezeka, na katika parokia kubwa foleni ya watoto haikungojea historia ya bibi. Wengine walitii mwaka mmoja wakaacha. Wengine hawakujisumbua kabisa.

Kasisi wa kijiji cha akina William alitii. Mwaka 1780 yule William wa tatu, sasa mtu mzima, alibatiza binti yake wa nne, na mstari uliokuwa na maneno saba miaka ya 1740 ukawa umejaa upana wa kurasa mbili. Baba: kibarua, mwana wa William wa hapahapa, kwa Mary mkewe, binti wa mhunzi wa kijiji cha pili, upande wa kaskazini wa kilima.

Nilisoma mara mbili kabla sijafungua mdomo. Mary alikuwa binti wa mhunzi. Ilichukua mjukuu kuletwa kwenye maji ndipo mtu amuulize bibi yake ni nani. Na huenda Mary mwenyewe hakuwepo kujibu. Huenda aliyejibu ni mwanawe, yule aliyebeba jina la ndugu zake, akiwa amesimama na kofia mkononi mbele ya kasisi anayeuliza maswali ambayo hakuna kasisi aliyewahi kuyauliza. Lakini alijibu. Alimjua babu yake mzaa mama na kazi aliyoifanya. Ujuzi huo ulikuwa kichwani mwake wakati wote, na katika vichwa vya kila kijiji cha Uingereza, kizazi baada ya kizazi, ukifukiwa pamoja na wenyewe kwa sababu hakuna aliyeuhitaji kwa maandishi.

Mlango ule ulifungwa upesi. Sheria ya mwaka 1812 ilitaka, kuanzia tarehe 1 Januari 1813, madaftari ya ubatizo yajazwe kwenye fomu za chapa, zilezile nchi nzima, watoto wanane kila ukurasa. Siku ya ubatizo, jina la mtoto, majina ya wazazi, mahali wanapoishi, kazi ya baba, saini ya kasisi. Nakiri ni fomu nzuri kwa msomaji mwenye haraka. Ukurasa wake unausoma kwa dakika moja. Lakini nilipogeuza kutoka Desemba 1812 kwenda Januari 1813 nilihisi kama nyumba imezimwa taa. Kasisi yuleyule, mwandiko uleule, wiki tatu tu katikati, na mabibi wote wametoweka. Mama wa mtoto anarudi kuwa jina moja tupu. Safu ya kazi ya baba ipo. Safu ya kazi ya mama haikuchapwa.

Tulipotoka kunywa chai Mama aliniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo moyoni tangu asubuhi: "Watu kama wewe wamo kwenye vitabu hivi?" Nikamsimulia Mary mwingine. Tarehe 3 Juni 1597, katika kanisa la St Botolph nje ya lango la Aldgate, London, alibatizwa Mary Fillis, msichana Mwafrika wa miaka kama 20, mtumishi wa mshona nguo aitwaye Millicent Porter. Tunamjua kuliko maelfu ya Waingereza wa siku zake kwa sababu karani wa kanisa lile, Thomas Harridance, alikuwa na daftari lake la kumbukumbu na tabia ya kuuliza. Aliandika kwamba msichana alikuja Uingereza miaka 13 au 14 nyuma, yaani akiwa mtoto wa miaka 6 au 7. Aliandika kwamba alisali Baba Yetu mbele ya waumini. Aliandika kwamba baba yake, Fillis wa Moroko, alikuwa msuka vikapu na mtengeneza sepetu. Msuka vikapu wa Afrika, aliyekaa na chane zake mapajani zaidi ya miaka 400 iliyopita, yumo katika kitabu cha London kwa kuwa binti yake aliulizwa na akamkumbuka.

"Na mama yake?" akauliza Mama mkwe.

Hakumo.

Siku iliyofuata tulikwenda Wolds kwa gari. Alitaka kuona maji yenyewe, akasema. Karibu na kwao kuna Cowlam, kijiji kilichohamwa karne nyingi zilizopita. Limebaki kanisa dogo jirani na ghala la shamba, na ndani yake birika la ubatizo la jiwe, la mviringo, lililochongwa karne ya 12. Adamu na Hawa wamo ubavuni, wamesimama na mti wao, nyuso pana kama za watoto walioshangaa. Mimi si Mkristo, na nilisimama nyuma kidogo kwa adabu. Mama alitembeza vidole vyake kwenye uso wa Hawa, polepole, kwa namna mtu asiyeona vizuri anavyousoma uso wa mgeni. Jiwe la pale ni laini kuliko kwingine. Si yeye wa kwanza.

Ndani ya gari, kabla sijawasha, akaniuliza: "Na wewe? Bibi yako mzaa mama, mama yake aliitwa nani?"

Nasaba yangu naijua hadi babu wa saba. Nilifundishwa kuitaja bila kukwama kabla sijajua kuhesabu hela: fulani bin fulani bin fulani. Nyuma ya msahafu wa babu zimo tarehe zetu sote za kuzaliwa, kwa mkono wake, na kila mmoja ana baba. Nilifungua mdomo nimjibu Mama mkwe, nikakuta sina neno.

Jioni nikampigia mama mkubwa wangu Tanga, mtoto wa kwanza wa bibi, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo upande wa ukeni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kuna heri?" Nikamwambia kuna heri, nikamuuliza. Alikaa kimya nikadhani simu imekatika. Akasema anamkumbuka vizuri. Alikuwa akisuka mikeka ya rangi, ya kuuza, na mkono wake mmoja ulikuwa na kovu la moto. Alikuwa hapendi papa, akipenda changu. Alizikwa kwenye mvua, siku ya Ijumaa.

"Jina lake, mama."

"Tulimwita Bi Mkubwa," akasema. "Wote tulimwita hivyo. Hata mumewe." Nikasikia kwa mbali anamuuliza mtu mwingine ndani ya nyumba, kisha mwingine, kisha mlango ukafunguliwa na akawa anaita kwa jirani. Nilikuwa na ile penseli ya Beverley mkononi. Niliandika: Bi Mkubwa, msuka mikeka. Nikaacha nafasi mbele yake, nikangoja simuni.